Chupa zangu zimepasuka, nimekosea wapi?

*Safu ya Mzee wa Ghalani: maswali ya wasomaji kuhusu mizabibu na mvinyo*

Shikamoo Mzee wa Ghalani. Mimi ni kijana wa Hombolo, nina ekari moja na robo ya zabibu nyekundu za Makutupora nilizoachiwa na marehemu baba. Msimu uliopita bei ya shambani ilinivunja moyo, nikaamua kutengeneza mvinyo mwenyewe. Ule wa kawaida ulitoka vizuri. Baadaye nikaona kwenye simu watu wanafungua mvinyo mwekundu unaotoa povu kama shampeni, nikasema na mimi nijaribu. Nilichukua mvinyo wangu, nikatia sukari kijiko kikubwa kimoja kila chupa na hamira kidogo, nikafunga kwa kizibo, nikakaza na waya. Chupa kumi na nane. Sita zimepasuka, nne zimerusha vizibo. Zilizobaki nilipofungua, nusu ilirukia dari, na nusu niliyoonja ilikuwa na ukakasi kama nimetafuna ganda la ndizi mbichi. Nimekosea wapi? Au zabibu za Dodoma haziwezi kazi hii?

Marahaba, mwanangu. Una bahati: macho yako yote mawili ni mazima na umeweza kuniandikia. Tuanze na chupa, maana ukakasi haujawahi kumpofua mtu.

Mwaka 2009 nilifanya kosa lako hilihili, tena kwa chupa arobaini. Nilizipanga kwenye tembe ya marehemu mama yangu kule Mpunguzi, nyumba ya Kigogo ya zamani, kuta nene na paa la udongo, ndani ubaridi hata jua likiwa la utosi. Siku ya kumi na moja, saa nane za usiku, nikasikia paa! Kikapita kimya. Halafu paa-paa-paa mfululizo, kwa sababu chupa moja ikipasuka vigae vyake humvunja jirani, na jirani naye humvunja wa pembeni. Mwenzangu wa nyumba ya pili alitoka na rungu akidhani nimevamiwa. Asubuhi tulipofungua mlango, kitako cha chupa kilikuwa kimezama kwenye nguzo ya katikati kama shoka lililosahauliwa. Alama ipo hadi leo. Mke wangu tangu siku ile haingii ghalani bila kubisha hodi, na si mimi anayenibishia.

Sasa hesabu, na hii naomba uiandike ukutani. Kila gramu 4 za sukari katika lita moja ya mvinyo, zikichachuka zote ndani ya chupa iliyofungwa, huleta presha ya karibu atmosfia 1. Tairi la gari dogo hujazwa atmosfia 2 na kidogo. Watu wa Champagne, Ufaransa, hutia kama gramu 24 kwa lita wakapata atmosfia 6, karibu mara tatu ya tairi. Barua yako ilipofika nilikwenda jikoni, nikachukua kijiko kikubwa, nikapima kwenye mizani. Kikiwa sawasawa kilibeba gramu 13. Kikiwa na kilima, kama tunavyochota sote, kilibeba 21. Chupa yako ni ya mililita 750, kwa hiyo gramu 21 kwa chupa ni sawa na 28 kwa lita. Umeweka atmosfia 7, kuwazidi Wafaransa, kwenye chupa ambayo haikutengenezwa kubeba gesi hata kidogo.

Na hapo sijahesabu sukari iliyokuwa imebaki kwenye mvinyo wenyewe. Hukuniambia haidromita, kile kipimo cha kuelea kinachoonyesha sukari iliyobaki, ilisoma ngapi, nami nahisi sababu naijua. Mvinyo mwekundu unaweza kuonekana umekauka, yaani umemaliza sukari, kumbe bado una gramu kumi za sukari zilizojificha nyuma ya ukali. Ulimi wako hauzioni, hamira inaziona. Usianze kazi ya povu mpaka haidromita isome chini ya 1.000, karibu na 0.995, na isome hivyohivyo siku tatu mfululizo. Haidromita ni kitu cha kioo cha bei ndogo. Asiye nayo atengeneze mvinyo wa kawaida tu, sina nyongeza hapo.

Chupa. Chupa halisi ya shampeni ni nzito, huwa karibu gramu 850 hadi 900, wakati ya mvinyo wa kawaida mara nyingi haifiki 550. Kitako chake kina shimo la kuingiza kidole gumba chote. Ongea na wahudumu wa kumbi za harusi pale mjini, Jumapili asubuhi huwa wanazo, na kagua kila moja kwenye mwanga: yenye mchubuko mrefu au ufa iache. Usipozipata, tumia chupa nzito za bia, zile za kahawia zinazorudishwa kiwandani. Lakini kwa hizo usizidi gramu 8 kwa lita. Zitakupa povu la upole, linalochemka kwenye glasi dakika chache kisha linatulia. Nakushauri uanze na hilo hata ukipata chupa za shampeni. Funga kwa visoda, vile vya milimita 26 vya bia na soda, kwa mashine ya mkono. Kizibo cha kawaida na waya wa kufungia kuku, mwanangu, hapana.

Kuna hila moja nilifundishwa ambayo ingeniokoa mwaka ule. Unapojaza chupa zako, jaza na chupa moja ya plastiki ya soda, mvinyo uleule, sukari ileile, ukaze mfuniko. Hiyo ndiyo shahidi wako. Kila siku unaibonyeza. Siku ya kwanza inabonyea kama shavu. Ikifika siku ya kumi au ishirini itakuwa ngumu kama soda mpya, na hapo unajua ndani ya zile za kioo mambo yamefikia wapi. Ikigeuka ngumu kama jiwe na kitako kikaanza kutuna, vaa miwani ya welda na glavu, zitoe zote ukazifungue nje.

Nakuja kwenye ukakasi, na hapa ndipo wengi wetu Dodoma tunapokosea, kwa sababu tunaamini mvinyo mwekundu lazima ulale na maganda wiki nzima. Ule wa kawaida, sawa. Wa povu, hapana. Gesi na ubaridi huunoa ukakasi kama kisu. Mvinyo ambao ukiwa mtulivu mezani unauona una nguvu nzuri, ukiutia povu na kuupoza unakukwaruza kinywa chote. Hukuharibu kitu kwenye chupa hapo. Uliuchukua mvinyo uliotengenezwa kwa kazi nyingine.

Dawa yake iko kwenye saa, maana rangi hutoka kwenye maganda mapema, tangu juisi ikiwa bado juisi. Ukakasi, hasa ule wa mbegu, hutoka taratibu na huongezeka kadiri kileo kinavyopanda. Kwa hiyo ukiwahi kutenganisha unaondoka na rangi na kuuacha ukakasi nyuma. Zabibu zangu nyekundu nazipa saa 36, mara chache 48. Nazisukuma chini na mwiko wa ubao mara tatu kwa siku, halafu nachota glasi ya juisi na kuiinua dirishani. Ikiwa nyekundu ya waridi iliyoiva, nachuja mara moja, kuchachuka kunaendelea bila maganda. Maganda nayakamua kidogo tu, yale matone ya mwisho ya nguvu nayawekea pipa jingine. Na usitwange kwenye kinu! Mbegu ikipasuka imekwisha. Miguu iliyooshwa vizuri ni mashine bora kuliko kinu.

Jambo la pili ni siku ya kuvuna. Kwa mvinyo mwekundu wa kawaida tunasubiri zabibu zifike Brix (kipimo cha sukari ya zabibu) 22, 23, na zaidi. Kwa povu vuna kwenye 18 au 19. Najua inauma, majirani watasema umeuza mtoto kabla hajatembea. Lakini Brix 19 inakupa kileo cha asilimia 10 na nusu hivi, na sukari ya mara ya pili itaongeza: gramu 17 kwa lita ni asilimia 1 ya kileo, kwa hiyo zile 8 zitakuongezea karibu nusu. Kikubwa zaidi, zabibu iliyovunwa mapema ina ukali bado. Bila ukali povu linakuwa kama soda iliyosahaulika juani. Tena ukali wenyewe si mgeni kwetu: asidi kuu ya zabibu, tartariki, ndiyo hiyohiyo iliyo kwenye ukwaju. Onja zabibu ya Brix 18 utaikuta palepale pembeni mwa ulimi ambapo ukwaju hukaa.

Hapa Mungu ametupa Dodoma kitu ambacho wenzetu wa nchi za baridi hawana. Mzabibu kwetu haulali. Tunaupogoa, unachipua, na baada ya miezi minne hivi tunavuna, mara mbili kwa mwaka. Zao la Februari na Machi hukutana na mvua: maji mengi, ubwiri unga na ubwiri vinyoya, vishada vinaoza katikati. Lile la Agosti na Septemba limekomaa katika Juni na Julai, kavu, usiku wa baridi ya kuvaa sweta, na usiku wa baridi hutunza ukali ndani ya tunda. Kwa povu chukua zao la Agosti. Pogoa katikati ya Aprili, maji ya kumwagilia yawepo, vuna alfajiri kabla jua halijapasha vishada. Chenye ukungu hata robo, kitupe. Kama huna uhakika na kipimo chako cha Brix, pale TARI Makutupora, kituo cha utafiti wa kilimo, wanaijua zabibu ya Dodoma kuliko mtu yeyote anayekuuzia dawa dukani.

Utaratibu wa mwisho nautaja haraka. Mvinyo ukishakauka na kutua, uhamishe uache mashapo. Sukari ipime kwa mizani kwa pipa zima, iyeyushe kwenye mvinyo kidogo uliopashwa moto, ikipoa changanya pipani. Usigawe kwa kijiko chupa kwa chupa, ndiyo maana sita zako zilipasuka na nyingine hazikupasuka. Hamira iwe ya mvinyo, ile inayovumilia kileo. Iamshe kwenye maji ya vuguvugu, kisha izoeshe mvinyo kidogo kidogo muda wa siku nzima kabla ya kuitumbukiza, kwa sababu ukiitupa ghafla kwenye kileo cha asilimia 10 inazimia. Jaza, acha nafasi ya vidole viwili, funga. Wiki sita mahali pa ubaridi na giza, kreti zimefunikwa magunia mazito. Joto huongeza presha, kwa hiyo bati la mchana wa Oktoba si ghala. Kama kwenu kuna tembe ambayo haijabomolewa, ilinde. Kule Great Western, Victoria, Australia, mwenye shamba mmoja katika karne ya 19 aliwaajiri wachimba dhahabu waliokosa kazi wamchimbie mahandaki ya kuhifadhia mvinyo, na sehemu hiyo ikaja kusifika kwa mvinyo mwekundu wa povu wa zabibu ya Shiraz. Sisi udongo tunao juu ya ardhi tayari.

Mashapo yatabaki ndani ya chupa, na yaache. Kuna mashine za kugandisha shingo ya chupa na kuyarusha nje, hizo si za ekari moja na robo. Simamisha chupa kwenye friji siku nzima, mimina taratibu, acha kidole kimoja chini.

Kabla hujauza hata chupa moja, kuna TBS, leseni ya vileo na stempu za TRA. Kunywa na shemeji zako ni jambo jingine.

Habari za siku Mzee. Niko Reggio Emilia, Italia, ninamhudumia bibi mmoja wa miaka 91. Kila mchana lazima anywe glasi ya Lambrusco, mwekundu, wa baridi, una povu la zambarau. Nilipokuja likizo Mpwapwa nilimletea baba chupa mbili, akacheka akasema nimeletewa soda ya wakubwa. Je, ni mvinyo kweli au ni kitu cha kuchezea?

Ni mvinyo kweli, tena umekaa mahali pazuri pa kuujua. Mwaka 1996 nilipelekwa Modena kwa miezi minne kujifunza kazi za ghalani. Wiki ya kwanza niliwaza kama baba yako. Ya pili niliulizia kama kuna uliobaki.

Mwambie baba hivi: ale kwanza, ndipo anywe. Chakula cha huko kwenu ni nguruwe kwa kila namna, soseji za kuchemshwa, mortadella, na jibini ya Parmigiano juu yake. Mafuta yanatanda kinywani. Ule ukali na lile povu vinayafagia, mdomo unakuwa mpya, unarudi kwenye sahani. Likizo ijayo usimpe baada ya chai. Mnunulie kitimoto iliyokaangwa na ndizi, umpozee chupa kwenye friji hadi kioo kitoe jasho, halafu uje uniambie alicheka au hakucheka.

Na ukipata siku ya mapumziko ya Mei, panda treni hadi Modena, kisha uende Sorbara, karibu na hapo. Lambrusco si zabibu moja, ni ukoo. Ile ya Sorbara maua yake ni kama mpapai jike: chavua yake haifai, ikiwa peke yake shambani hushika punje chache tu. Kwa hiyo wakulima hupanda kando yake ndugu yake, Salamino, anayeitwa hivyo kwa kuwa kishada chake kinafanana na soseji ndogo, ili aichavushe. Mkulima aliyenionyesha aliona nimesimama muda mrefu, akauliza kama kwetu kuna mti wa namna hiyo. Nilimweleza mapapai kwa mikono, maana Kiitaliano changu kilikuwa cha kuombea chumvi. Alielewa, akanimiminia uliorudiwa kuchachushwa ndani ya chupa, wenye mashapo, mwekundu hafifu kama juisi ya rozela iliyozidi maji, mkali wa kukaza taya. Bibi wa miaka 91 huenda anaukumbuka huo. Muulize. Wazee wa huko walikuwa wanaufunga mvinyo kabla haujamaliza sukari, baridi ya majira yao inausimamisha, joto likirudi unaamka ndani ya chupa. Mwingi unaouzwa madukani leo hupatiwa povu kwenye tangi kubwa lililofungwa, njia iliyobuniwa na Federico Martinotti wa Asti, aliyepata hataza mwaka 1895, na kuendelezwa na Mfaransa Eugène Charmat mwaka 1907. Si dhambi. Ndiyo maana unaununua kwa bei unayoiweza.

Mzee, mimi nina mashine ya soda, duka langu liko Iringa. Kwa nini nisisukumie gesi tu kwenye mvinyo mwekundu nikamaliza kazi dakika mbili?

Sukumia, hakuna atakayekukamata kwa kunywa. Ila uupoze sana kwanza, karibu na nyuzi 2, maana mvinyo wa moto haushiki gesi, unatapika. Huko Ulaya ukiuuza huo lazima kibandiko kiseme kwamba povu ni la kuongezewa gesi, na mimi ningependa na sisi tuseme hivyohivyo. Na ule wa ukakasi utabaki na ukakasi, mashine haiufanyi kitu.

Wewe wa Iringa hata hivyo hukupaswa kuniuliza habari za gesi. Umewahi kupanda basi na mtu aliyekaza mfuniko wa dumu la ulanzi, ile pombe ya mianzi?

Naweza kutumia hamira ya maandazi? Hapa Mvumi ndiyo iliyopo dukani.

Kwa kuchachusha mara ya kwanza itakufikisha, ingawa mvinyo utanuka mkate. Kwa povu hapana. Ikikuta kileo ndani ya chupa inachoka njiani, unabaki na chupa tamu zisizo na gesi, na baada ya miezi miwili, siku ya joto, baadhi zinaamka na baadhi haziamki. Pakiti ya gramu 5 ya hamira ya mvinyo inatosha lita 20 hivi. Jikusanyeni wakulima wanne, agizeni kwa pamoja kutoka Dodoma mjini au Dar, na pakiti zikae kwenye friji ya mwenye friji, mbali na maandazi.